Matunda Yaning'inie

Nchi hiyo haimo katika ramani yoyote. Wenyeji wake waliwahi kuulizwa kama wangependa iwekwe, wakasema hapana, maana ikionekana itakaguliwa, na kukaguliwa walikuwa wamekuzoea vya kutosha. Feruzi Mkande, ambaye habari hizi ni zake, alikuwa mkaguzi. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akikagua makabati ya jikoni.

Makabati hayo yalikuwa zawadi. Mlezi Mkuu wa Taifa alipowajengea watu wake maghorofa ya Mtaa wa Fahari, aligundua kwamba majiko yametoka madogo kidogo. Mtu akisimama katikati na kunyoosha mikono aligusa kuta zote mbili, na akitaka kuinama ilibidi kwanza afungue mlango. Ili kuwafariji, Mlezi Mkuu aliamuru kila jiko lipewe kabati la ukutani, jekundu, linalong'aa, lenye jina lake mlangoni. Kisha ikatungwa Sheria ya Heshima ya Kabati. Ilikatazwa kulipigilia msumari, kuligundishia kitu, kulitia kulabu, kuweka chakula ndani au juu yake, na kulifunga kwa kishindo.

Sheria hiyo isingemsumbua mtu kama isingekuwepo ile ya matunda. Kila Ijumaa kila nyumba ilipewa mgao wake: chane mbili za ndizi, machungwa kumi, na maembe wakati wa msimu. Kuuacha mgao uoze kulihesabiwa kuwa dharau kwa ardhi ya taifa. Nayo Idara ya Afya, ambayo haikuwa ikizungumza na idara nyingine yoyote, ilikataza chakula kuwekwa sakafuni. Kwa hiyo ndizi hazikuruhusiwa kukaa chini, hazikuruhusiwa kukaa juu, na hazikuruhusiwa kuoza. Watu wa Mtaa wa Fahari walizila zote Ijumaa hiyo hiyo. Jumamosi zahanati ilijaa watu walioshika matumbo, na gazeti la serikali likaandika kwa fahari kwamba hakuna nchi nyingine ambayo raia wake huugua kwa shibe.

Feruzi hakuwa mtu mbaya. Ni vizuri kulisema hilo mapema, kwa sababu mbele ya safari litakuwa gumu kulisema. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi na mkewe Mwamvita, alibeba kioo cha kukuzia kwenye mfuko wa ngozi, na alibisha hodi kwa upole. Fomu yake ilikuwa na safu tatu: Limekwaruzwa Kidogo, Limekwaruzwa Sana, Limevunjika. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuona kabati lisiloingia katika mojawapo.

*

Siku moja ya Jumanne alifika kwa Bi. Sikudhani Mbwera, jengo namba kumi na nne, ghorofa ya tatu. Bi. Sikudhani alikuwa mjane, fundi wa kushona sare za shule, mwanamke mwembamba ambaye macho yake yalizoea kutazama vitu kwa karibu.

"Karibu, Bwana Mkaguzi. Vua viatu, nimetoka kupiga deki."

Feruzi akavua viatu, akachungulia jikoni, akasimama. Siku nne zilikuwa zimepita tangu Ijumaa, na ndizi zilikuwepo. Zilikuwa nzima, za manjano, zimelala ndani ya wavu mdogo wa uzi wa pamba chini ya kabati, na machungwa sita pembeni yake. Hazikugusa ukuta. Hazikugusana hata zenyewe kwa zenyewe.

"Bi. Sikudhani, hiki ni nini?"

"Ndizi."

"Ndizi naziona. Hiki kilichozibeba."

"Hicho ni waya na kipande cha kanga." Alikiinua kwa mkono mmoja, kikatoka bila kelele. Alikuwa ameukunja waya ukawa kama mdomo wa bata, akauvalisha kanga kuukuu iliyokunjwa mara tatu, na mdomo huo uliuma ukingo wa chini wa kabati. Matunda yakizidi uzito, mdomo ulizidi kubana. "Nikitaka kupika nakisogeza kule. Nikimaliza nakirudisha. Sijapiga msumari, Bwana Feruzi. Sijagundisha kitu."

Feruzi alitoa kioo chake. Akaukagua ule ukingo kuanzia kushoto hadi kulia, kisha kulia hadi kushoto. Aliutazama kwa mwanga wa dirishani, akaomba taa, akautazama kwa taa. Zilipita dakika arobaini. Bi. Sikudhani alimletea kigoda, kisha maji ya kunywa.

"Hakuna kitu," alisema hatimaye, na sauti yake ilimtoka kama ya mtu aliyepotewa.

"Nilikwambia."

"Sijawahi kuona kabati lisilo na kitu."

Akakaa na fomu yake juu ya goti. Alitafuta safu ya kuandika na hakuiona, basi akaandika pembeni, pale penye nafasi nyeupe: *Kabati halina dosari. Matunda yananing'inia. Mwenye nyumba kabuni chombo cha kusifiwa.* Akatia sahihi. Alijisikia mwepesi, kama kijana aliyepata barua nzuri.

"Ungenitengenezea na mimi kimoja? Mke wangu angefurahi."

"Nitakutengenezea. Lakini usilitaje popote jambo hili."

"Kwa nini nisilitaje? Ni kitu kizuri."

"Ndiyo sababu," alisema Bi. Sikudhani.

Feruzi alicheka kidogo, akaikunja fomu, akaitia mfukoni.

*

Fomu ilipanda ngazi. Kila meza ilipofika, karani aliyasoma yale maandishi ya pembeni, akaogopa, akaipeleka meza ya juu zaidi, hata ikamfikia Mheshimiwa Nasibu Lugendo, Mkuu wa Idara ya Samani za Taifa. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti nyembamba, na alimwita Feruzi ofisini kwake.

"Ndugu Mkande. Nani alikupa ruhusa ya kutoona dosari?"

"Haikuwepo, Mheshimiwa."

"Sikuulizi kama ilikuwepo."

Feruzi alidhani kazi yake imekwisha. Lakini jioni ile Mlezi Mkuu, ambaye alipewa habari hiyo wakati akila papai, alitamka neno. Kuna wasemao alikuwa akimwambia tu mtumishi wake mahali pa kuweka sahani. Hata hivyo wasaidizi waliandika walichosikia, na saa moja redio ilitangaza: "Mlezi Mkuu amesema, matunda yaning'inie."

Kufikia Alhamisi ulikuwa umetangazwa Mwaka wa Kuning'iniza. Kamati ya watu ishirini na mmoja ilikwenda kwa Bi. Sikudhani, ikaingia jikoni watatu watatu kwa kuwa zaidi ya hapo hawakuenea, na waliosalia wakasimama kwenye ngazi wakipeana hongera. Mjumbe mmoja aliuliza kama waya ule ni mzalendo. Mwingine alitaka kujua kama kanga ile ina maandishi, na ikiwa ina maandishi, yanasema nini. Mheshimiwa Lugendo alihutubia akiwa ameegemea mlango, maana hapakuwa na mahali pengine pa kuegemea.

"Ndugu wananchi," alisema, ingawa mwananchi alikuwa mmoja tu, "leo tunashuhudia matunda yakitoka katika unyonge wa sakafu na kupanda katika daraja linalostahili. Mama huyu hakubuni. Mama huyu amepokea. Fikra ilikuwa hewani, imemwagwa na Mlezi Mkuu, naye akawa na bahati ya kuacha dirisha wazi."

Walimpa Bi. Sikudhani cheti cha Mpokeaji wa Fikra, daraja la pili. Wakauchukua wavu wake wakaufanyie utafiti. Ndizi walizila kwenye ngazi.

Feruzi alibaki nyuma. "Umeona?" alimwambia kwa furaha. "Sasa nchi nzima itapata."

Bi. Sikudhani alikuwa akiokota maganda. "Bwana Feruzi, nilikuomba jambo moja tu."

*

Utafiti ulichukua miezi miwili, na chombo kilichotoka kiwandani kilikuwa cha chuma. Waya ulionekana mnyonge. Kanga ilionekana haifai, kwa kuwa imewahi kuvaliwa. Chombo kipya kilikuwa na nembo ya taifa mbele, kilikuwa na uzito wa mawe mawili ya kusagia, na kilifungwa kwenye kabati kwa skrubu nne ndefu.

Kwenye mkutano wa idara Feruzi aliinua mkono. Hakuwa na desturi hiyo.

"Mheshimiwa, skrubu zitatoboa kabati. Na sheria inakataza kutoboa."

"Sheria inamkataza raia kutoboa," alijibu Mheshimiwa Lugendo. "Serikali haitoboi, Ndugu Mkande. Serikali inafungua."

Ukumbi ulipiga makofi. Feruzi akaketi. Wiki ile ile fomu zilichapishwa upya zikiwa na safu ya nne: Limefunguliwa.

Mafundi walizunguka mtaani na keekee, nyumba kwa nyumba. Walipofika kwa Bi. Sikudhani alimwita Feruzi aje aone. Kwenye sakafu, chini ya matundu manne, palikuwa na vumbi jepesi la rangi ya uji. Alilichukua kwa ncha ya kidole, akampa.

"Shika. Hii ni mbao?"

Feruzi alilisugua vumbi kati ya vidole. Lilikuwa takataka za kiwandani, vumbi la msumeno lililogandishwa kwa gundi na kupakwa rangi nyekundu. Alilinusa. Akagonga ubavu wa kabati, akasikia sauti kama ya boksi.

"Miaka kumi na tisa unakagua juu tu," alisema Bi. Sikudhani. Hakusema kwa ubaya. "Hakuna aliyejua, kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kuchimba. Waya wangu ulikuwa unashika ukingo, na pale ukingoni kuna bati. Skrubu hizi zinashika vumbi. Siku wakitia matunda, makabati yatadondoka yote, kila moja na chuma chake. Waambie."

"Nitawaambia."

Na alikwenda kuwaambia. Hilo nalo lisemwe. Alikaa siku mbili kwenye benchi nje ya ofisi ya Mheshimiwa Lugendo, na siku ya pili mlango ulifunguka akaingia. Mheshimiwa alikuwa mbele ya kioo akijizoeza hotuba.

"Mheshimiwa, yale makabati hayataweza kubeba."

"Jambo hilo ni la kabla ya uzinduzi au la baada ya uzinduzi?"

"La kabla."

"Kabla imejaa. Nitakupangia baada."

Feruzi angeweza kupaza sauti. Angeweza kwenda nyumba kwa nyumba, watu walimfahamu, wangemfungulia. Alisimama pale akiitazama hotuba iliyokuwa juu ya meza, akasema, "Ahsante, Mheshimiwa," akatoka. Nyumbani alimwambia Mwamvita asitie matunda katika kile chuma, na aseme mgao haujafika. Majirani hakuwaambia. Alijiambia kwamba pengine yatashika.

*

Siku ya uzinduzi king'ora kililia saa kumi alasiri, na kwa amri ya redio kila nyumba ikatia matunda yake kwa pamoja. Kwa muda wa kuvuta pumzi mara tatu hivi kulikuwa na utulivu. Kisha ikaja sauti ambayo watu wa Mtaa wa Fahari hawapendi kuielezea. Ilianzia majengo ya juu ikashuka, ghorofa baada ya ghorofa, kama gari linalomwaga kokoto.

Kumi na mmoja waliumia. Bi. Mwanakombo, jirani wa Feruzi, alipondwa mkono wa kulia, mkono aliokuwa akisukia mikeka. Mzee Rajabu Pembe, mpiga tarumbeta mstaafu wa bendi ya taifa, alikuwa amesimama chini ya kabati lake kwa saluti, maana redio ilikuwa ikipiga wimbo. Yeye hakuamka.

Gazeti la asubuhi lilikuwa na picha ya Mheshimiwa Lugendo akitabasamu, na maandishi makubwa: MAKABATI YASHUKA KUWAFUATA WANANCHI.

Lakini Mzee Rajabu alikuwa na tarumbeta yake na watu waliompenda, na mazishi yake yalikuwa na watu wengi mno waliokaa kimya. Serikali huogopa kimya cha namna hiyo. Ilibidi mwenye kosa apatikane. Wakapekua faili tangu mwanzo wake, na mwanzoni kabisa wakakuta fomu ya Feruzi. Wakapekua pia nyumba, na wakaona kwamba katika jengo namba kumi na nne kuna kabati moja ambalo bado liko ukutani. Bi. Sikudhani hakutia hata chungwa moja katika chuma chake. Kwa Feruzi, ambako kabati nalo halikuanguka, hawakupekua, maana mkaguzi hakaguliwi.

"Alijuaje?" aliuliza mwendesha mashtaka. "Yote yameanguka. Lake halikuanguka. Alijuaje?"

*

Kesi ilisikilizwa katika ukumbi wa maonyesho ya kilimo. Kabati la Bi. Sikudhani lililetwa kama kielelezo. Askari walikuwa wameling'oa kwa mtaimbo, na ukingo wake wote wa chini ulikuwa umepasuka na kuchubuka. Bi. Sikudhani aliketi peke yake kwenye benchi, amevaa gauni alilolishona mwenyewe, mikono mapajani.

Asubuhi ile Mheshimiwa Lugendo alikuwa amempitia Feruzi na gari. Hakumtisha. Alimuuliza hali ya Mwamvita, akasifu shati lake, akasema, "Hutaulizwa useme uongo, Ndugu Mkande. Utaulizwa unaona nini. Mtu mwenye macho ana ugumu gani?"

Hakimu akamwita mbele. Akakabidhiwa kabati.

"Wewe ni mkaguzi wa miaka kumi na tisa. Kagua, utuambie unaona nini."

Feruzi aliinama. Hakuhitaji kioo. Alisikia watu wakipumua nyuma yake. Alifikiria nyumba yake, na Mwamvita, na jinsi lilivyo jambo dogo kusema lililopo.

"Naona mikwaruzo," alisema.

"Kidogo au sana?"

"Sana."

"Muulizeni alitazama lini mara ya kwanza," alisema Bi. Sikudhani kutoka kwenye benchi. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anamkumbusha mtu kufunga mlango.

"Mshitakiwa hajaulizwa," alisema hakimu.

Na Feruzi pia hakuulizwa. Alisimama pale akingoja aulizwe, mdomo wazi kidogo, hata karani akamgusa bega ampishe shahidi anayefuata.

Bi. Sikudhani alipatikana na hatia ya kuyafundisha makabati tabia ya kubeba. Alinyang'anywa haki ya kuwa na jiko maisha yake yote. Walimhamishia Majengo ya Wasiopika, ng'ambo ya tanuri la matofali, ambako vyumba havina moshi wala bomba, na watu hushona magunia na kula mkate mkavu unaoletwa na lori.

*

Feruzi alipandishwa cheo akawa Mkaguzi Mkuu, ingawa makabati hayakuwepo tena. Alipewa meza. Kwa muda wa wiki tatu alikaa mezani pale akiangalia mkono wake. Nyumbani alikula matonge mawili na kusukuma sahani.

"Ulisema uongo?" Mwamvita alimuuliza siku moja, akianua nguo.

"Nilisema nilichokiona."

"Basi kula."

Hakuweza kula. Siku iliyofuata aliandika kurasa nne. Aliandika kwamba siku ile ya Jumanne kabati halikuwa na alama hata moja, kwamba alijua makabati yataanguka na akanyamaza, kwamba Mzee Rajabu alikufa kwa kimya hicho, na kwamba Bi. Sikudhani hana kosa. Akazipeleka masjala mwenyewe, akasimama wima kama mtu anayesubiri kupigwa.

Karani alizisoma zote. Akagonga muhuri: IMEPOKELEWA.

"Sasa itakuwaje?" aliuliza Feruzi.

"Imepokelewa," alisema karani, akaita mtu mwingine.

Feruzi alikwenda nyumbani akafunga nguo mbili na mswaki katika mfuko, akauweka karibu na mlango. Aliwangojea. Kila gari lililopita alisimama. Siku ya tisa ilikuja barua: idara ilimshukuru kwa maoni yake na kumkaribisha kutoa mengine. Aliisoma mara nyingi akitafuta tishio ndani yake, hakuliona, na hapo ndipo alipoketi sakafuni akalia, Mwamvita akimtazama na mwiko mkononi.

"Ulitaka wakufunge," alisema Mwamvita.

"Ndiyo."

"Hawatakufunga. Hawahitaji kukufunga." Akashusha mwiko. "Yule mama anakula nini huko?"

"Mkate wa lori."

 Mwamvita akageuka, akapima mchele, akachagua mawe.

Ijumaa adhuhuri Feruzi alipita kando ya tanuri la matofali, sufuria limefungwa kwa kitambaa na kushikwa kwa mikono miwili. Sheria ilikataza Wasiopika kupika. Haikusema kitu kuhusu kupikiwa, labda kwa kuwa hakuna aliyewaza kwamba mtu angejisumbua. Mlinzi alilitazama sufuria, akapekua daftari lake mbele na nyuma, akamruhusu kwa kukosa namna ya kumkataza.

Bi. Sikudhani alikuwa kibarazani, gunia mapajani, sindano ndefu mkononi. Alikuwa amekonda. Alimwona Feruzi tangu mbali na hakuacha kushona.

"Umeletwa?"

"La. Nimekuja mwenyewe."

Alishona hadi mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno. Feruzi alisimama juani. 

"Niliandika," alisema mwishowe. "Yote. Nikawapelekea."

"Wakasema nini?"

"Wakasema wamepokea."

Bi. Sikudhani alimtazama kwa muda, kwa yale macho yaliyozoea kutazama kwa karibu. Kisha akasogeza gunia kando, akanyoosha mikono, akapokea sufuria. Alifungua kitambaa. Mvuke ukatoka, na watu wawili watatu wa kibaraza cha pili wakageuza vichwa, maana kwa muda mrefu hawakuwa wamesikia harufu ya wali.

Hakumkaribisha kuketi. Alinawa kwa maji ya kopo, akachukua tonge, akalitafuna polepole, akalimeza.

"Chumvi imezidi," alisema.

"Ndiyo, Bi. Sikudhani."

Akachukua tonge la pili, akawaita wale wa kibaraza cha pili kwa ishara ya kichwa, nao wakaja na vyombo vyao.

"Mwambie mkeo kesho apunguze."